Safu ya Ushauri: Kioo cha Pembeni Kilicholegea na Tiba Zake

Safu hii huwahudumia wasomaji ambao matatizo yao hayajapewa nafasi katika vitabu vya ndoa, mirathi na malezi. Toleo hili limetengwa kwa ajili ya kioo cha pembeni, ambacho madereva hukiita saiti mira, yaani kioo kinachoshikiliwa na mkono wa chuma kwenye mlango wa lori ili dereva aone yaliyo ubavuni na nyuma yake. Barua zinatoka Isansa, kata ya Wilaya ya Mbozi mkoani Songwe, na kuendelea hadi Tunduma, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam huvuka mpaka na kuingia Zambia.

Shingo Ngumu, Isansa

Dereva huyu husambaza saruji, mabati na kreti za soda katika maduka ya vijijini kwa Canter, na msimu wa kahawa unapofika hurudi na magunia. Anaeleza kwamba kioo chake cha kushoto humwonyesha barabara anapoondoka, tairi la nyuma anapofika nusu ya safari, na mawingu anapowasili. Anauliza kama kimerogwa.

Kabla ya kumshuku jirani, inampasa dereva huyu kutofautisha maungio matatu, kwa kuwa kila moja huugua kivyake. La kwanza ni pale mkono wa chuma unapofungwa mlangoni kwa bolti. La pili ni klampu, yaani kibano kinachokishika kichwa cha kioo kwenye mkono huo. La tatu ni kifundo cha mviringo kilichomo ndani ya kichwa, ambacho ndicho kinachoruhusu kioo kugeuzwa. Gari likiwa limezimwa, mkono utikiswe karibu na mlango: ukicheza, ugonjwa uko kwenye bolti, na pengine kwenye bawaba za mlango wenyewe, ukitulia ilhali kichwa kinacheza, ugonjwa uko kwenye klampu au kifundo.

Ama kuhusu mrogaji, alikwisha kutambuliwa kitambo. Mwaka 1969 mhandisi Gerhard Junker alionyesha kwamba kinacholegeza nati zaidi si kuvutwa kwa bolti kwa urefu wake, bali kusukumwa kwake upande kwa upande, kwa sababu vyuma vilivyobanwa vikianza kuteleza, msuguano unaoishikilia nati hutoweka na nati hujifungua yenyewe. Barabara ya vumbi iliyojaa vijituta vya mfululizo hufanya kazi hiyo bila malipo. Utafiti wa aina hiyo umeivunjia heshima pia washa ya springi, ile pete iliyokatwa na kupindwa kidogo, ambayo mafundi wengi huiamini kama hirizi ingawa haizuii mtelezo huo. Inayofaa zaidi ni nati yenye pete ya nailoni ndani yake, au nati mbili zinazokazwa hadi zigandamizane. Kisha mstari wa rangi upigwe kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake, ili kila asubuhi ijulikane kwa kutazama tu kama nati imezunguka. Kifundo kilicholika, kwa upande wake, hakiponi kwa kukazwa wala kwa grisi, kwani grisi humwongezea mtoro uhuru. Dawa yake ni kubadilishwa. Kipande cha tyubu ya baiskeli kinachochomekwa pembeni humfikisha mtu gereji, lakini hakikukusudiwa kumaliza msimu wa mavuno.

Mkono Nje, kwenye gari hilohilo

Huyu ni utingo, yaani msaidizi wa dereva wa lori, ambaye ameamriwa kutoa mkono dirishani na kukishikilia kioo safari nzima. Anauliza kama kazi hiyo imo katika mkataba wake.

Utingo huyu na afarijike, kwa kuwa kazi yake ina ukoo mrefu. Mwaka 1909 Dorothy Levitt, dereva maarufu wa Uingereza, aliwashauri wanawake wanaoendesha magari wabebe kioo cha mkononi na kukiinua mara kwa mara ili waone nyuma. Miaka miwili baadaye, katika mashindano ya kwanza ya maili 500 ya Indianapolis nchini Marekani, washindani wengi walipakia fundi ambaye, pamoja na kazi nyingine, aliangalia nani anakuja nyuma. Ray Harroun alikwenda peke yake. Wenzake walipolalamika, alifunga kioo juu ya usukani, na akashinda. Baadaye alikiri kwamba uwanja uliotandikwa matofali ulikitikisa kioo kiasi kwamba hakuona kitu. Ushindi huo haufai kuigwa kwenye barabara yenye ng'ombe, watoto wa shule na baiskeli zenye mikungu ya ndizi.

Kwa hiyo mkono urudi ndani kabla lori linalokuja halijauchukua. Mahali pa haki pa utingo, gari linaporudi nyuma, ni chini, pembeni, palipo mbali na njia ya magurudumu na panapoonekana kiooni. Naye dereva afuate kanuni moja tu, kwamba utingo akitoweka kiooni, gari lisimame.

Mwenye Gari, Vwawa

Tajiri huyu, kama madereva wanavyomwita mmiliki wa gari, anatoa hoja ya kifalsafa: kwa kuwa askari wa usalama barabarani humwadhibu mtu kwa kioo kibovu, je, si busara kuking'oa kabisa, ili kosa likose mahali pa kukaa?

Hoja hiyo ina umbo zuri na kasoro moja. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe katika hali salama liwapo barabarani, na gari lisilo na kioo halijatimiza sharti hilo kwa kukipunguza kifaa kilichoharibika. Faini ya papo kwa papo humfuata hata aliyeng'oa ushahidi.

Hata hivyo, inafaa kukubali kwamba tajiri huyu amegusa ukweli bila kukusudia. Dereva asiye na kioo hujua kwamba haoni, na kwa hofu hiyo husimama, huteremka na kuchungulia. Dereva mwenye kioo kilicholegea huendelea kukitii, akiamini kwamba upande ni mtupu ilhali kioo kimekuwa kikimwonyesha paa la duka. Hatari iko katika imani hiyo, na bei ya kuiondoa ni nati na dakika chache za spana.

Abiria Mmoja Tu, Tunduma

Mwendesha bodaboda huyu hupenya kushoto mwa malori yaliyopanga foleni kuelekea mpakani, na anauliza kama madereva humwona.

Dereva wa Tanzania huketi kulia, hivyo upande wa kushoto ndio ulio mbali naye, na sehemu kubwa ya ubavu huo hufichwa na mlango na bodi. Isitoshe, baadhi ya vioo vya malori ni vioo mbinuko, yaani vilivyotuna kwa nje ili vionyeshe eneo pana, navyo hufanya pikipiki ionekane ndogo na ya mbali kuliko ilivyo. Kwa hiyo asiyeuona uso wa dereva kiooni achukulie kwamba naye haonekani. Akiuona uso huo ukitetemeka, ajue kwamba naye anaonekana akitetemeka, na asubiri lori lipite.

Barua kuhusu honi hazitajibiwa katika toleo lijalo, kwa kuwa uchunguzi wa awali unaonyesha kwamba honi ndicho kifaa pekee cha lori ambacho hakijawahi kulegea.