Mimea Mitano ya Kilwa Iliyoumbuliwa na Vinasaba

Binadamu wakigombania mtoto ni wa nani, wanaishia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mimea nayo inapimwa: watafiti husoma alama za vinasaba, yaani vipande vidogo vinavyotofautiana baina ya ukoo na ukoo. Na maabara haina haya. Tunaanza na mwenye siri ndogo, tunamalizia na mwenye fedheha kubwa. Watu wa Mitole kule Kilwa, msipokubali, pangeni orodha yenu.

5. Mpingo
Akiwa na majani yake, anajulikana. Akishapasuliwa mbao, anajichanganya na binamu zake wa jenasi ya Dalbergia, ambayo tangu 2017 biashara ya kimataifa ya spishi zake zote iko chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Vinasaba vingemtaja, ila kuvitoa kwenye kiini kikavu ni shughuli pevu.
*Hukumu:* shahidi mgumu. Muulizeni msumeno.

4. Mkorosho
Anatamba Kusini kama mwenyeji, kumbe kwao Brazil. Aliletwa na Wareno karne ya 16. Mwaka 2001 Emmarold Mneney na wenzake walichapisha vipimo vya vinasaba vya mikorosho ya Tanzania.
*Hukumu:* mhamiaji. Kibali hana, stakabadhi ghalani anayo.

3. Mbuyu
Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba bara letu lina mbuyu wa aina ya pili, akapewa jina Adansonia kilima. Mwaka 2016 watafiti wengine wakachunguza upya: ni yuleyule. Mwaka 2024 jenomu za spishi zote nane zikaelekeza asili ya ukoo mzima Madagaska.
*Hukumu:* mtu wa ng'ambo. Na yale mashetani ya mbuyuni, yalipanda chombo gani?

2. Muhogo
Kuna aina moja yake: Tanzania anaitwa Namikonga, Kenya Kaleso; vinasaba vinasema ni yuleyule. Ni uzao wa Amani, Tanga, ambako muhogo ulizalishwa na mpira-mwitu ili uhimili magonjwa. Mwaka 2017 watafiti walionyesha sehemu za vinasaba vya Namikonga zinazohusiana na ukinzani dhidi ya ugonjwa wa michirizi kahawia.
*Hukumu:* shujaa mwenye vitambulisho viwili. NIDA wasisikie.

1. Mnazi
Mwaka 2011 minazi zaidi ya 1,300 ya dunia ilipimwa. Zikapatikana koo mbili: ya Pasifiki na ya Bahari ya Hindi. Pwani yetu, Komoro na Madagaska? Mchanganyiko! Wanaoshukiwa ni mabaharia wa Kiaustronesia.
*Hukumu:* damu za bahari mbili, na bado anasema yeye ni wa hapahapa. Mswahili kamili.

Mnaotaka mbuyu awe namba moja, karibuni tubishane. Ila njooni na wali wa tui la mbuyu.