Usifiwe, Dirisha la Kuingiza Faili

Wako wanaosifu mvua ya kwanza, wako wanaosifu pombe ya kasiksi. Mimi nalisifu dirisha lile la kijivu linalochomoza ukiiambia programu ya hesabu, GnuCash kwa mfano, ipokee faili la CSV. Hata franka moja haijaingia, tayari linahoji: safu zimetenganishwa kwa koma au nukta mkato? Tarehe inaanza na siku au mwezi? Desimali ni nini? Herufi zimesimbwa vipi? Kwenye barieri za barabara ya Ngomo huulizwi mengi hivyo, na wanaozilinda huridhika mapema.

Tuanze na huruma yake. Mtunza pesa wa AVEC, chama chetu cha kuweka na kukopa hapa Nyangezi, amechoka na daftari, akaandika michango ya mwezi wa tatu kwenye jedwali la kompyuta, kwa mtindo tuliorithi shuleni: siku, mwezi, mwaka. Dirisha limebaki kwenye mpangilio wa Kimarekani, mwezi mbele. Basi 05/03 inaingia bila kelele, imekuwa tarehe tatu ya mwezi wa tano. 08/03, siku ambayo akina mama wanatoka na vitenge vya sherehe, inahamia Agosti. 03/03 inaingia sawasawa, kwa bahati tu. Siku 12 za mwanzo wa mwezi dirisha halimuumbui mtu. Likifika 13/03 ndipo linagoma, mstari unakataliwa, kwa sababu mwezi wa kumi na tatu haujapatikana hata huko Marekani. Mwalimu gani mwingine angekuacha uendelee kukosea mpaka siku ya 13 ndipo ainue fimbo?

Nguvu zake nazo si za kawaida. Mwaka 1993 Zaire ilichapa noti mpya ili zaire 3,000,000 za zamani ziwe moja. Mwaka 1998 franka moja ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Kazi ya benki kuu na mitambo ya uchapaji! Dirisha linafuta sufuri tatu bila amri ya serikali. Andika 2.500, kama wengi wetu tunavyoandika, liache liamini kwamba nukta ni desimali, na sombe ya franka elfu mbili na mia tano inauzwa kwa mbili na nusu. Dolari 1,50 yaweza kwenda upande wa pili ikawa 150. Ukizidi kuthubutu, badilishana safu ya kuweka na safu ya kutoa: madeni ya mwaka mzima yanakuwa mapato. Nawajua wanachama ambao wangepiga kura mpangilio huo ubaki.

Hata katika mambo ya dini lina msimamo. Akaunti ya matoleo imeandikwa Église, kwa UTF-8. Dirisha likiisoma kama Windows-1252, kinachotokea ni Ã‰glise. Itazame kwa karibu: nyuma ya ile A yenye kiwimbi imekaa ‰, alama ya sehemu kwa elfu. Kanisa linaomba fungu la kumi, dirisha linapendekeza moja kwa elfu. Sijasikia mhubiri akilijibu.

Wavivu watasema kuliko CSV afadhali faili la QIF la Quicken, ambamo kila muamala unafungwa kwa ^ na maisha yanaendelea. Kweli, QIF haikusumbui kuhusu sarafu, maana haina mahali pa kuiandika. Kwetu kodi ya nyumba inatajwa kwa dolari na nyanya kwa franka, kwa hiyo utulivu huo unalipiwa baadaye. Na OFX, iliyoletwa mwaka 1997 na Microsoft, Intuit na CheckFree, inabeba sarafu na namba ya kila muamala. Hapo dirisha karibu halina la kukuuliza. Linalobaki ni kupata wa kukupa faili hilo. Sisi tunapewa karatasi yenye muhuri.

Wakati wa kutoa faili nje maswali ni machache, ila lile la alama za kunukuu msilidharau. Bila alama hizo, manunuzi ya “sombe, mawese, chumvi” yanachukua safu tatu, na chumvi inakaa mahali pa bei. Kanuni ya kuyafunga maneno hayo iliandikwa rasmi mwaka 2005, watu wakiwa wameshaumizana kwa koma kwa miongo kadhaa.

Ukimaliza kujibu, dirisha linakubali kuhifadhi majibu yako kwa jina utakalo, mwezi ujao usiulizwe tena. Mtunza pesa wetu hajawahi kubofya hapo. Nadhani amezoea kuhojiwa.

Kwa hiyo naomba jambo moja wanachama. Siku ya kugawana, washika funguo watatu wakishaleta funguo zao na kufuli tatu za sanduku zikafunguliwa, dirisha nalo lisisahaulike. Lipewe 2.500, liamue lenyewe ni ngapi.