Mheshimiwa Pawatila

Itifaki imezingatiwa. Trekta kubwa kubwa mlioko mbali, majembe ya mkono, mapanga na mundu mliojitokeza kwa wingi, nawasalimu. Nimesimama kuisifu pawatila iliyoegemea ukuta wa banda langu huku Kamachumu, ambayo tangu ifike wilaya ya Muleba haijasifiwa ila na watu wasiowahi kuigusa. Sisi wa Kagera tunasemwa nchi nzima kwamba tunapenda kujisifu. Leo sijisifu, nasifu chombo, na atakayeona nimetia chumvi aje aiwashe mwenyewe.

Kwa asiyeifahamu, ni trekta la magurudumu mawili. Lina injini ya dizeli ya silinda moja, nguvu za farasi kumi na kitu, na nyuma yake kuna visu vinavyozunguka kutifua udongo. Yangu haina kiti: dereva anatembea nyuma ameshika mikono miwili ya mashine, huku midomo ikisoma dua. Wenzetu wa Asia huitumia sana kwenye majaruba ya mpunga, na mwenye kutaka kuiona ikistahili heshima yake aende Mbarali, bonde la Usangu, aikute ndani ya tope ikipiga kazi. Hii yangu haikupelekwa Mbarali. Ilipewa kikundi cha wakulima wa migomba enzi za Kilimo Kwanza, ile kaulimbiu iliyozinduliwa Dodoma Agosti 2009 ikiwa na nguzo 10. Nguzo zilisimama, pawatila nayo ikasimama, na imesimama mpaka leo.

Sifa zake ndogondogo nitazipitia haraka. Hailewi, haigombani na majirani, haiombi posho ya kikao. Bei ya dizeli ipande ishuke, yenyewe haishtuki. Kuku wangu wanataga chini yake. Zamani ilipokuwa inawaka ilikuwa na tabia ya kurudisha hendeli kwa nguvu, na fundi mmoja wa Hamugembe aliondoka na mkono umefungwa kitambaa; siku hizi imeokoka.

Lakini sifa yake kuu, ambayo peke yake inatosha kuitafutia nafasi makumbusho ya taifa, ni kipaji cha kupokea rangi.

Sikukijua kipaji hiki mpaka nilipoinunua kwa kikundi, kwa bei ya chuma chakavu, nikaanza kuikwangua nyumbani ili niipake upya. Nilikuwa na brashi ya waya, msasa mkavu, galoni ya tina na kijana mmoja wa jirani mwenye subira. Nilidhani tutakwangua rangi. Kumbe tulikuwa tunafukua historia. Juu kabisa kulikuwa na bluu, ile bluu ya milango ya madarasa ambayo kila kijiji kina kopo lake lililobaki. Chini ya bluu, kijani. Chini ya kijani, nyeupe iliyoandikwa jina la kikundi kwa mkono wa mtu aliyeishiwa nafasi, hata herufi mbili za mwisho zikapanda juu ya tangi la mafuta. Chini ya nyeupe ndipo tukaikuta nyekundu ya kiwandani. Na kati ya kila rangi na rangi, kutu, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyepiga msasa kabla ya kupaka.

Nikawaita wazee waliokuwa wanakikundi wanisomee tabaka hizo. Walizisoma bila kusita. Nyeupe ni ya siku ya makabidhiano, walipoimba ngonjera na kulishwa wali. Kijani ni ya msafara uliokuja kukagua mafanikio. Bluu ni ya msafara mwingine, uliotangazwa kwa siku mbili, ukakaguliwa njia, ukapiga honi barabarani na kupita bila kusimama. Mzee mmoja alipoikumbuka bluu aliguna tu, akaomba maji ya kunywa.

Tabaka la kijani lilinipa ushahidi wa ziada. Ndani yake, karibu na puli ya mkanda, tulimkuta senene, yule panzi wetu wa msimu. Alikuwa mzima, mguu mmoja umekunjwa, mabawa yamelala, amepakwa rangi pamoja na chuma alichotulia. Kwa hiyo msafara wa kijani ulikuja Novemba au Desemba, mambo ya tarehe hayo yamekwisha. Ila senene huyo anasema zaidi ya tarehe. Katika mkoa huu, ambako senene anatafutwa kwa taa usiku kucha na kuuzwa kwa kikombe, mtu kumkuta ametulia mbele yake na kumpitishia brashi badala ya kumtia kwenye chupa, basi ama mpakaji hakuwa mwenyeji, ama mgeni rasmi alikuwa ameshafika kona ya mwisho.

Rangi ilipakwa juu ya grisi. Ilipakwa juu ya kibati chenye namba ya injini, juu ya mdomo wa kuwekea oili, juu ya nyumba ya buibui. Na ilipakwa, hapa naomba utulivu ukumbini, juu ya kimpira. Injini za aina hii hupozwa kwa maji yaliyo kwenye tangi juu ya silinda, na juu ya tangi kuna kimpira chekundu kwenye kifimbo kinachoelea: maji yakiwepo kiko juu, yakipungua kinashuka, na dereva anajua aongeze. Aliyepaka kijani alikipaka kimpira kikiwa juu. Kikaganda hapohapo. Tangu siku hiyo pawatila ikawa inatoa taarifa kwamba maji yapo ya kutosha, asubuhi yapo, jioni yapo, kiangazi yapo. Vijana wa kikundi waliokuwa wanaikodisha kuvuta tela la matofali walikitazama kimpira, wakaridhika. Taarifa ikaendelea kuwa nzuri mpaka pistoni iliponata ndani ya silinda, na tela la matofali likabaki katikati ya mlima.

Kifo chake, basi, kiliandikwa kwenye taarifa ya maendeleo. Nimewahi kukaa kwenye vikao ambavyo kimpira kiko juu tangu tunafungua kwa sala mpaka tunagawiwa soda, na ukinyoosha mkono kuuliza maji yako wapi, mwenyekiti anakujibu kwamba hoja yako imepokelewa.

Tulipofika nyuma, kwenye visu vya kulimia, kijana aliacha kukwangua akaniita. Visu vilikuwa na rangi yao nyeusi ya kiwandani, safi, haina mkwaruzo. Mwili wote umevaa nguo nne na kutu, matairi yameisha kwa kubeba matofali na ndizi za mnada, lakini visu havijawahi kuonja udongo. Mashine ya kulima, sehemu yake pekee iliyobaki mpya ni ile inayolima.

Na ingelima nini? Huku tuna kibanja. Mgomba uko hapa, mbuni uko pale, katikati yake maharage na magimbi, na chini ya vyote limetandazwa tandiko la nyasi zilizobebwa kichwani kutoka rweya, yaani uwanda wa nyasi. Mizizi ya mgomba inatambaa juujuu, ukiikata umejikata mwenyewe. Kibanja hakichimbuliwi kila msimu. Kinapaliliwa, kinatandikwa nyasi na kutiwa samadi, na shamba alilopanda babu linakulisha wewe. Tena mnyauko wa migomba ulipobainika Muleba mwaka 2006, maofisa ugani walituhimiza, na walikuwa na haki, tusitoke mgomba mmoja kwenda mwingine bila kupitisha panga kwenye moto. Miaka michache baadaye likaja dude lenye visu vinavyozunguka, litoke mgomba mmoja kwenda mwingine! Angeulizwa mama mmoja tu. Mmoja! Mama yangu, ambaye hajawahi kuhudhuria warsha, aliliona siku ya kwanza akasema halitapita hata kwenye lango la kibanja. Aliona kwa macho kile ambacho watu wenye shahada na magari yenye vioo vyeusi walishindwa kukiona kwa miezi ya vikao. Na jembe lake lilikuwa limechomoka mpini, hakuna aliyemuuliza hilo pia.

Naomba radhi, nimetoka kwenye itifaki. Turudi kwenye sifa.

Pawatila yangu inatoka ukoo mkubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Mpango wa Karanga pale Kongwa, halafu Urambo na Nachingwea. Matrekta yalikuwa adimu baada ya vita, wakanunua mitumba ya jeshi, na vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Kifaru kikabadilishiwa kazi na jina, kikatumwa kupigana na mibuyu na vichaka. Udongo wa Kongwa ukikauka ni saruji, na wenyeji walilijua hilo. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, mamilioni ya pauni ya walipa kodi wa Uingereza yakiwa yamebaki Ugogoni. Tulipojitawala tukawa na Siasa ni Kilimo mwaka 1972, kisha Kilimo cha Kufa na Kupona. Miaka ya 1980 Kibaha ikaunganisha trekta za Valmet kutoka Finland, na baadaye Kibaha hiyohiyo ikaunganisha Ursus kutoka Poland. Sasa tuna BBT, yaani Building a Better Tomorrow. Sina ugomvi na kaulimbiu, nyingine zilikuwa na watu wenye nia njema ndani yake. Nauliza tu, kati ya moja na nyingine, msasa alipiga nani?

Kwa upande wangu nimepiga. Tumekwangua hadi chuma, tukapaka red oksaidi, tukaacha ikauke, kisha tukapuliza rangi ya machungwa kwa kompresa ya kuazima. Kimpira nimekisafisha kwa tina na kinacheza vizuri. Pistoni na ringi zimepatikana Kampala, zikavuka Mutukula ndani ya begi la binamu yangu. Kibati cha namba kinasomeka. Mama alitoka jikoni, akaizunguka, akagusa tangi kwa kidole kuona kama imekauka.

“Waitu,” akasema, “huyu unayemremba hivi anaolewa lini?”

Kilichobaki ni nozo ya dizeli. Kwenye duka moja nimeambiwa zilikuwepo mwaka jana. Kwenye jingine nimeuziwa isiyoingia. Ofisi iliyosimamia ugawaji niliiandikia kuuliza kama kulikuwa na mpango wowote wa spea, nikajibiwa kwamba pawatila za awamu ile zimeshafungwa kwenye vitabu kuwa zimekamilika kwa asilimia mia moja, hivyo kitaratibu haiwezekani ikaharibika.

Lakini habari za rangi husafiri. Juzi kijana wa ofisi hiyohiyo alikuja na pikipiki, mstaarabu kabisa, akaniamkia shikamoo vizuri, akaipiga picha pawatila upande wa kulia, upande wa kushoto, na mbele migomba ikionekana nyuma yake. Hakuomba niiwashe. Aliuliza kama ninaweza kuiazimisha wiki ya Nane Nane iende ikasimame Kyakairabwa, Bukoba, kwenye banda lao, kwa sababu nyingine zote za wilaya zimechakaa na haziwezi kuonyeshwa kwa mgeni. Usafiri wangegharamia wao. Mimi ningepewa fulana na kofia.

Nilimwambia haina shida, mwanangu, ichukuliwe siku yoyote, ila atakayekuja na lori aje na nozo mfukoni. Akatoa daftari, akaniuliza nozo inaandikwaje.