Tuhesabu Kurudi Nyuma Mpaka Magamba

Zungumzo la vyuo vikuu likianza, wote mbio Mlimani, Sokoine, Dodoma. Tanga mnatuachia katani na madafu! Basi leo tunapanda Lushoto, na kwa heshima zote, wana Mlimani, huo mlima wenu mbele ya Usambara ni tuta. Tunakwenda Magamba, kilipofunguliwa mwaka 2007 Chuo Kikuu Kishiriki cha Sebastian Kolowa chini ya Tumaini, kikaja kuwa chuo kikuu kamili, SEKOMU.

7. Njia. Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita 33, na sehemu iliyonyooka mtaniambia mkiiona. Aliyekula mihogo ya kukaanga stendi ya Mombo kisha akapanda Kosta alifaulu mtihani wa kwanza kabla ya usajili.

6. Baridi. Mtoto wa Ngamiani, Tanga mjini, anafika na feni. Feni, Lushoto! Bumu la kwanza liliishia mitumbani kwenye sweta.

5. Msitu. Chuo kilifundisha utalii wa ikolojia na uhifadhi wa mazingira, na msitu wa Magamba uko papo hapo. Wenzenu wa vyuo vya mjini wachangishane nauli waende kuona mbega.

4. Majirani. Lushoto kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama, na Magamba nayo ikaanzisha shahada ya sheria. Ushauri wa bure: ukigombea bei ya matunda damu sokoni, zungumza taratibu. Aliye nyuma yako kwenye foleni huenda anajua vifungu.

3. Jina. Askofu Sebastian Kolowa aliongoza Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na tangu 1976 hadi 1992 alikuwa Mkuu wa Kanisa hilo nchini. Vyuo vingi huitwa kwa jina la mji. Hiki kilijitwisha jina la mtu, na mtu mwenyewe mzito.

2. Mama mkuu. Mwaka 1990, Kolowa akiwa bado Mkuu, KKKT iliridhia wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji. Chuo chenye jina lake kilipofunguliwa, aliyekalia kiti cha mbele alikuwa Mchungaji Dkt. Anneth Munga. Mnaouliza wanawake wataweza lini, mmechelewa basi, na Kosta ya mwisho imeshapita Soni. Miaka iliyofuata ilikuwa migumu kwa vyuo vidogo vya binafsi nchini na Magamba haikusalimika. Hilo halimwondoi mama kwenye orodha yangu.

1. Kozi ya kwanza. Chuo kipya kwa kawaida huanza na kozi yenye wateja wengi. Magamba ilianza na ualimu wa elimu maalumu: kuandaa walimu wa wasioona, wa viziwi, wa watoto wenye ulemavu wa akili. Wazo hilo halikuzuka tu. Kule Lutindi, Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walifungua kituo mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Kabla ya miaka kumi kupita kikawa mahali pa kutunzia wagonjwa wa akili, na mpaka leo ni hospitali yao. Irente, jirani kabisa na mji wa Lushoto, shule ya wasioona ipo tangu 1963. Milima hii ilikuwa imeshawapokea watu hao kwa miaka mingi; kilichokosekana ni walimu waliosomea kazi yenyewe mpaka shahada. Baadaye ikaongezwa shahada ya afya ya akili na urekebishaji, na ukiijua Lutindi huhitaji kuuliza kwa nini.

Nawaona wana Mlimani mnanyoosha mikono. Nitajieni chuo kikuu kilichofungua mlango wake wa kwanza kwa mwalimu wa nukta nundu na lugha ya alama, nami nitaanza kuhesabu upya kutoka saba.