Jinsi ya Kulaza Fuso Mtaani Bila Kuhamishwa

Fedha za korosho zimeingia, umenunua fuso mtumba, na yadi inadai ada ya kila usiku. Ada ya nini? Uwe Nachingwea au Ruangwa, mbele ya nyumba yako kuna barabara. Ni ya wote, yaani ni ya atakayewahi. Fuata hatua hizi.

1. Ingia kwa adabu. Usiku wa kwanza paki kimyakimya. Usiku wa pili piga honi. Wapo majirani ambao bado hawajajua kuwa umenunua gari, na fuso lisilojulikana ni hasara tupu.

2. Tandika matawi. Yapange barabarani, mbele na nyuma, kisha sukumia jiwe chini ya tairi. Kila dereva atajua gari limeharibika, na mwenye gari bovu hagombezwi, hupewa pole. Pembetatu za kung'aa zinauzwa. Mkorosho wa jirani haukudai kitu. Ukiulizwa, sema spea inatoka Dar. Kumbuka tu kubadilisha matawi: yakikauka yanakuumbua.

3. Jifunze kuelekeza watu. Akija mtu wa halmashauri na sheria ndogo zake, mwambie barabara iko chini ya TARURA tangu 2017. Akija wa TARURA, mwambie maegesho ni kazi ya trafiki. Akija trafiki, mwambie mwenyekiti wa kitongoji ana taarifa. Kila mmoja ataondoka ameridhika kwamba kosa si la ofisi yake.

4. Mpe mwenyekiti taarifa kweli. Mpelekee tripu moja ya mchanga, bure. Ukitokea msiba, jitolee kubeba viti na maturubai. Tangu siku hiyo, atakayelalamikia fuso lako ataonekana hana utu.

5. Wazee waamkie mapema. Babu akitoka kulalamika kuwa moshi unamwingia chumbani, wahi: "Shikamoo babu! Mguu unaendeleaje?" Mpaka amalize habari za mguu, wewe umeshaondoka. Bodaboda akilivaa fuso gizani, nenda kamtazame hospitali na machungwa, ukisikitika kwamba vijana siku hizi hawaangalii mbele.

6. Tumia kalenda. Kama uko Ruangwa, Namungo ikicheza Uwanja wa Majaliwa, fuso lako limekuja kushangilia. Mechi ikiisha, bado linashangilia. Msimu wa korosho linasubiri mnada. Msimu ukipita, linasubiri ufuta.

7. Ukibanwa sana, ingia kwenye historia. Waingereza walianza mpango wao wa karanga mwaka 1947, wakaleta mitambo mpaka Nachingwea, wakauvunja 1951 wakiwa wamepoteza pauni zipatazo milioni 36. Reli waliyoijenga nayo ikang'olewa. Uliza kwa upole: wale waliandikiwa faini na nani?

8. Hatua ya mwisho ndiyo ngumu. Siku moja jirani wa pili atanunua semi, ndefu kuliko fuso lako, ailaze mbele ya mlango wako. Usitukane. Vaa shati safi, nenda ofisi ya mtendaji asubuhi na mapema, na uombe nakala ya sheria ndogo. Isome yote. Utashangaa ilivyoandikwa kwa busara. Kisha simama kwenye mkutano wa hadhara, uwaulize wananchi kwa uchungu: hivi mtaa huu umekuwa yadi tangu lini?