Wenye Ndevu na Farasi wa Rangi

Brony ni mtu mzima, aghalabu mwanamume, aliye shabiki sugu wa My Little Pony: Friendship Is Magic, katuni ya farasi wa rangirangi iliyoanza kurushwa Marekani Oktoba 2010. Lauren Faust aliibuni kwa ajili ya wasichana wadogo, nayo kampuni ya Hasbro ilikuwa na midoli ya kuuza. Wenye ndevu hawakualikwa. Walijileta, wakakaa viti vya mbele.

Umakini wao hauna mzaha. Katika sehemu ya kwanza alipita kwa nyuma farasi wa kijivu mwenye makengeza. Watoto hawakuwa na habari naye. Mabrony walisimamisha picha, wakamchunguza na kumbatiza jina Derpy, na watayarishaji wakalikubali. Mwaka 2012 alipopewa sauti, baadhi ya watazamaji walilalamika kuwa anakejeli watu wenye ulemavu, sauti ikabadilishwa. Hapo watu wazima, wenye kazi na kodi za kulipa, wakaja juu kumtetea.

Mkutano wao, BronyCon, ulianzia New York mwaka 2011. Kufikia 2015, kule Baltimore, ulikusanya zaidi ya watu 10,000, wengine wakiwa na mikia. Mabrony huchekwa sana, hasa na wanaume wanaovaa jezi zenye majina ya vijana wa miaka 19 na kununa wiki nzima kwa penalti moja. BronyCon ilifungwa Agosti 2019, na katuni ikamalizika Oktoba. Midoli bado inauzwa.