Chemchemi na Walinzi Wake

Ng'ambo ya bahari kuu, katika nchi ambayo maji huganda kila baridi inapoingia, palikuwa na mji wa bandari uliozungukwa na mabirika mengi, na mabirika yote yalipokea maji kutoka Chemchemi moja iliyobubujika mwambani siku ya msiba mkubwa, zamani sana, kabla mababu wa mababu hawajazaliwa. Wanyama wa mji ule, ambao wazee wa wengi wao waliletwa na merikebu wakiikimbia njaa ya kwao, hawakufika na mali. Walifika na kiu, na maji yale ndiyo yaliyowalea. Mtoto akizaliwa aliletwa birikani kuoshwa, waliooana walioana ukingoni, na aliyefikiwa na saa yake alitiwa tone midomoni, akaenda zake kwa amani.

Waliopewa kazi ya kuyalinda maji walikuwa Korongo. Walichaguliwa kwa kuwa shingo zao ni ndefu na macho yao huona mbali, wakavaa manyoya meupe, wakala kiapo cha kutojenga kiota maisha yao yote, ili makinda ya watu wote yawe makinda yao. Kwa ajili ya kiapo hicho wanyama waliwaita Baba, wakawaletea malimbuko ya mavuno, na mama aliyechelewa shambani alikuwa akisema, mwacheni mtoto kwa Korongo, kwa Korongo hakuna neno. Wengi wao walilistahili neno hilo. Wapo waliokesha na wagonjwa walioogopwa na ndugu zao, wapo waliozeeka wakichota maji kwa ajili ya wasioweza kutembea, na si haki kuisimulia hekaya hii bila kuwataja.

Ila palikuwa na Korongo mmoja mwenye tabasamu pole na sauti ya kubembeleza, aliyependa kuzitembelea hasa nyumba zisizo na baba, ambako mama mmoja alihangaika na watoto wengi. Alifika jioni, akasaidia kuwalaza watoto, akaombea nyumba, akaondoka. Na watoto walibaki na majeraha wasiyokuwa na maneno ya kuyaeleza. Kwa muda wa miaka 30 hivi alipita katika mabirika 6, na waliosimama baadaye kusema kwamba naye aliwajeruhi walizidi 130.

Mtu asidhani kwamba wakubwa hawakuambiwa. Kulungu mmoja, mama wa makamo ambaye watoto 7 wa ukoo wake walikuwa wameumizwa na Korongo yule, aliandika waraka mwaka wa 1982 kumpelekea Korongo Mkuu, aliye na shungi jekundu. Aliandika kwa adabu ya mtu aliyelelewa na maji yale, akasema kwamba hata katikati ya machozi ukoo wao hautaki heshima ya Chemchemi ivunjwe, ila Korongo yule aondolewe penye watoto. Mkuu yule akafa, akaja mwingine mwenye shungi jekundu, na mama Kulungu akamwandikia huyo naye.

Baraza la Korongo likaketi, milango imefungwa. Wakaulizana kuhusu mwenzao: je, kazi imemchosha, anahitaji kupumzika, tumpeleke kwa mganga gani? Wakaulizana kuhusu jina la Chemchemi: habari hii ikitoka, wanyonge si watakata tamaa, na adui zetu si watashangilia? Wakaulizana kuhusu ghala, na kuhusu malimbuko ya mwaka ujao. Waliulizana kila jambo ambalo Korongo anaweza kuuliza kuhusu Korongo, lakini kikao kilivunjika bila hata mmoja kuuliza yule mtoto yuko wapi, usiku analala vipi, na nani amekwenda kumwangalia. Nimelirudia swali hilo mara nyingi, kwa sababu naona upotovu wote uliofuata ulianzia hapo. Hawakuwa wote waovu, na wengine walifunga na kusali kabla ya kikao. Lakini walikuwa wameyapenda manyoya yao meupe mpaka wakayadhania kuwa ndiyo maji.

Basi Korongo yule akapelekwa kwa waganga, waganga wakasema amepona, akapewa birika jipya upande wa pili wa mji. Wazazi wa huko hawakuambiwa neno, wakampokea kwa furaha, na akina mama wakachelewa mashambani bila wasiwasi. Alipolalamikiwa huko akahamishwa tena. Nyaraka za wazazi zilikunjwa, zikatiwa ndani ya makasha, makasha yakatiwa kufuli, na ufunguo ukakaa kwa Mkuu. Wazazi waliokuja kulia waliambiwa wanyamaze kwa mapenzi ya Chemchemi, nao kwa kuwa waliipenda kweli, wengi wakanyamaza. Hilo ndilo ninaloliona kuwa zito kuliko yote: upendo wa wanyonge kwa maji yao uligeuzwa kuwa kitambaa cha kuwaziba mdomo.

Wahenga walishasema kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Kilio hicho kilipita kwa Bundi. Katika mji ule walikuwako Bundi wachache waliofanya kazi usiku, na wanyama hawakuwapenda, kwa kuwa popote Bundi anapolia watu husema ameleta mkosi. Bundi hawa walikuwa wamelelewa na maji yaleyale utotoni. Walipita nyumba kwa nyumba wakawasikiliza waliojeruhiwa, ambao sasa walikuwa watu wazima, kisha wakaenda mbele ya mwamuzi kuomba makasha yafunguliwe, na mwamuzi akaamuru yafunguliwe. Mwanzoni mwa mwaka 2002, kwa hesabu ya nchi ile, nyaraka zikasomwa hadharani, na ikadhihirika kwamba Korongo waliohamishwa hivyo walikuwa wengi, na kwamba Mkuu alikuwa akijua. Wapo waliosema Bundi wanaichukia Chemchemi. Mimi nasema hakuna aliyeifanyia Chemchemi jema kubwa mwaka ule kuliko hao Bundi.

Mwezi wa Desemba, Korongo wadogo 58 walitia sahihi barua ya kumtaka Mkuu wao aondoke, jambo ambalo halikuwahi kusikika, na katika siku zilezile Mkuu akajiuzulu. Mwaka uliofuata vilitolewa vipande milioni 85 vya fedha kwa waliojeruhiwa 552, na baadaye kasri la Mkuu pamoja na bustani zake likauzwa kwa shule iliyokuwa jirani. Lakini yeye mwenyewe, mwaka wa 2004, aliitwa na Mfalme wa Mji Mkongwe wenye vilima 7, aliye juu ya Korongo wote, akakabidhiwa nyumba moja katika zile kubwa na nzuri kupita zote za ufalme. Waliojeruhiwa waliposikia hayo walilia upya, na machozi yao yalikuwa ya haki.

Wala haukuwa mji ule peke yake. Mwaka wa 2018, katika mabonde 6 ya jimbo jingine la nchi ileile, walitajwa Korongo zaidi ya 300 na watoto walioumizwa zaidi ya 1,000. Mwaka wa 2021, katika nchi ya mizabibu iliyojiita binti mkubwa wa Mji Mkongwe, wajuzi walikadiria kwamba tangu mwaka 1950 watoto walioumizwa na walinzi wa maji walifika 216,000. Kila mahali kisa kilikuwa kilekile: mtoto, waraka, kasha, kufuli.

Hapo wanyama wakaanza kuondoka. Sungura akafunga mizigo, akasema samaki mmoja akioza wote wameoza, akaenda kutafuta maji kwingine. Wengine wakasema wataishi kwa umande. Sitawalaumu. Kati yao walikuwamo waliojeruhiwa, ambao hata sauti ya maji yakitiririka iliwaamshia maumivu, na anayewadai hao kurudi hajaketi nao.

Kobe, bibi mkongwe wa birika dogo la pwani, hakuondoka. Siku moja Kulungu kijana, mmoja wa wale 552, alimjia, akamkuta ukingoni anakunywa. Hakumwamkia. Alisema, "Bibi, umenijua tangu nikiwa mchanga. Unakunywaje mahali nilipoumizwa?"

Kobe akanyamaza kitambo, kwa kuwa swali lile lilimstahili. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, sikuambii urudi, na atakayekuambia hivyo kwa jina langu, mkanushe. Mimi nilizika watoto wangu wawili, na maji haya ndiyo yaliyonifanya niamke kesho yake. Maji hayo hayakutoka mdomoni mwa Korongo. Yalitoka mwambani, kwa yule aliyejeruhiwa bila hatia na wakubwa wa siku zake, na wakubwa hao nao walisema wanailinda heshima ya hekalu. Ninapoinama kunywa namkumbuka yeye, na tangu mwaka ule siwezi kumkumbuka yeye bila kukukumbuka wewe."

Kulungu akasema, "Na ukibaki, si unawapa nguvu?"

"Ningebaki kimya ningewapa," akajibu Kobe. "Malimbuko yangu hayaendi tena kwenye ghala la Mkuu, yanakwenda kwa waliojeruhiwa. Kila kikao nakwenda, nauliza makasha yako wapi, na nani ameketi na watoto leo. Wakinifukuza mlangoni, nauliza nikiwa mlangoni. Tukiondoka sote tunaouliza, watabaki wasiouliza, na watoto watazidi kuletwa hapa kuoshwa, maana kiu haiishi. Ni nani atakayewaangalia?"

Kulungu hakukunywa. Aliketi mbali kidogo na maji, akamsimulia Kobe yaliyompata, yote, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu anayekunywa pale, na Kobe akasikiliza mpaka jua likazama. Wiki iliyofuata walikwenda pamoja barazani, Kulungu akasema na Kobe akasimama kando yake.

Wala Kobe hakuwa peke yake. Wanyama wa mji ule walikuwa wameanza kukutana katika chumba cha chini cha nyumba ya birika mojawapo, wakaahidiana kuishika imani na kudai mageuzi ya namna maji yanavyolindwa. Baadhi ya Korongo wakubwa waliwakataza wasikutane katika mabirika yao, eti wanagawanya kundi. Mwaka wa 2004 likaja tangazo kwamba mabirika mengi yatafungwa, na birika dogo la pwani likiwamo. Wenyeji wakaingia ndani, wakagawana zamu, wakalala humo usiku na mchana, baridi na joto, kwa zaidi ya miaka 11. Walipeleka shauri Mji Mkongwe wakashindwa, wakaenda kwa waamuzi wa nchi yao wakashindwa, na mwaka wa 2016 wakatoka. Nimesikia watu wakisema walipoteza muda wao. Mimi sijaona ushahidi mkubwa kuliko huo kwamba Chemchemi ina wenyewe, na kwamba wenyewe hao si lazima wawe na manyoya meupe.

Mambo kadhaa yamebadilika tangu hapo. Sheria ziliandikwa kwamba Korongo aliyemuumiza mtoto asirudishwe kamwe penye maji, na mwishoni mwa mwaka 2019 Mfalme wa vilima 7 aliondoa muhuri wa siri uliokuwa umeyafunga mashauri hayo. Sheria hizo ni njema, ila zilichelewa mno, na zimeletwa na waliolia kuliko walioketi barazani. Tena zipo nchi ambako zimesomwa na kuwekwa rafuni, makasha yangali yamefungwa, na mzazi akija kulalamika bado anaambiwa asimwaibishe Baba.

Kwa hiyo nakusihi wewe unayekunywa birika lililo karibu nawe, na ambaye hunayo nia ya kuliacha kama mimi nisivyo nayo: nenda kwa mlinzi wako wiki hii, umuulize kwa heshima zote, mbele ya wazazi wengine, mtoto akiumizwa hapa anakwenda kumwambia nani, na huyo anayeambiwa analazimika kufanya nini kabla jua halijazama. Kama jibu lipo, liandikwe ukutani mahali ambapo hata mtoto atalisoma. Kama halipo, usiondoke kikaoni mpaka lipatikane.